Uwanja wa gofu unaofungwa kila Jumapili ili wananchi watembee. Kwetu inawezekana?

Baharia_wa_Fife (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna uzi ulipita humu wa jamaa anayekaa kwenye estate yenye uwanja wa gofu. Kamati imebandika tangazo: wakazi marufuku kukanyaga nyasi, hata kama hakuna anayecheza. Wachangiaji wakagawanyika pande mbili. Hawa wakasema mwenye mali ndiye mwenye amri, wale wakasema nyumba ziliuzwa kwa picha za nyasi hizo hizo. Nilitaka kutia neno, nikaona maelezo yamekuwa marefu, bora yawe na uzi wake.

Mimi naishi Scotland, eneo la Fife, jirani na mji wa St Andrews. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Gofu sichezi na fimbo zake sina. Lakini ule uwanja wao mkongwe, Old Course, ambao watu wanatoka Marekani na Japani kuja kuingia kwenye bahati nasibu ili wapate nafasi ya kucheza, mimi nautembea Jumapili na raba zangu za kazini. Bure. Hakuna mlinzi wa getini, kwa sababu geti lenyewe halipo.

Utaratibu wao uko hivi. Jumatatu hadi Jumamosi uwanja ni wa wachezaji. Jumapili hakuna gofu, isipokuwa siku chache sana za mashindano makubwa. Siku hiyo unageuka bustani ya mji: mama na kigari cha mtoto, wanafunzi wa chuo wenye uchovu wa Jumamosi usiku, wazee wawili wawili, na mbwa wengi kuliko watu. Wapo wageni waliosafiri nusu ya dunia, wakafika Jumapili na mifuko ya fimbo, wakaambiwa leo ni zamu ya mbwa.

Kilichonivutia ni kwamba jambo hili halitokani na ukarimu wa klabu. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipewa na mji ruhusa ya kufuga sungura kwenye ile ardhi ya mchanga kando ya bahari. Hati ya makubaliano ikabakiza haki ya wenyeji kucheza gofu, kandanda, kulenga shabaha na burudani nyingine za kila namna. Kwa hiyo tangu mwanzo uwanja ulikuwa na wadau wengi: askofu na sungura wake, wacheza gofu, na yeyote mwenye mguu wa kutembea. Kina mama wa mji walifua nguo kwenye kijito cha Swilcan kinachokatiza pale na kuzianika kwenye vichaka. Kanuni za gofu za karne ya 19 zilieleza hata la kufanya mpira wako ukitua juu ya nguo za watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1790 mji ulifilisika, ardhi ikauzwa kwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakachimba mashimo kila mahali, wacheza gofu wakaenda mahakamani, na ugomvi ukaendelea hadi 1821 alipoinunua mtu aliyeupenda mchezo. Mwaka 1894 ikapita sheria ya Bunge iliyorudisha ardhi kwa mji. Nyingine ya 1974 ikaunda chombo ambacho leo kinaviendesha viwanja vyote saba vya pale, na ikakiagiza kiitunze ardhi kama mahali pa mapumziko na burudani kwa wakazi wa mji na wanaoutembelea. Wakazi wametajwa ndani ya sheria, ndiyo maana hakuna kamati inayoweza kuamka asubuhi ikabandika tangazo.

Sasa msije mkadhani Jumapili ni holela. Kuna vibao: usikanyage grini (pale palipolainishwa penye bendera), usiingie kwenye mashimo ya mchanga, kinyesi cha mbwa wako okota mwenyewe. Na watu wanatii kwa kiasi ambacho mtoto wa Temeke kama mimi kilinishangaza. Nimemwona bibi mmoja akimkemea Mmarekani aliyesimama katikati ya grini ya shimo la 18 akipiga selfi. Hakuwa mfanyakazi wa uwanja, alikuwa na mkongojo na mfuko wa maziwa. Yule bwana alitoka mbio na kofia mkononi.

Siku za kazi pia wenyeji hawafukuzwi. Kuna njia ya lami inaitwa Grannie Clark's Wynd, inakatiza katikati ya shimo la 1 na la 18 kwenda ufukwe wa West Sands ("shimo" kwenye gofu ni kipande kizima, kuanzia pa kupigia hadi penye bendera). Ni njia ya umma. Watu wanapita, baiskeli zinapita, hata gari linapita, na bingwa wa dunia anasimama na fimbo yake akisubiri mama mwenye ndoo na vijiko vya kuchezea mchanga avuke na watoto.

Hoja yangu ni hii: kugawana uwanja wa gofu kwa kutembea kunawezekana mnapogawana saa na mapito, na mgawanyo huo ukaandikwa mahali ambapo mwenyekiti mpya hawezi kuufuta. Uzio haujawahi kumaliza ugomvi huu.

Karibuni. Wenye uzoefu wa Nairobi, Kampala, Dar, tiririkeni.

Nongwa_za_Kijiwe

Mkuu, uzi mzuri ila kwetu sahau. Jumapili ya kwanza watu watatembea. Jumapili ya pili kuna mtu atakuja na jiko la mishikaki. Ya tatu kuna turubai na spika, kipaimara cha mtoto wa mjumbe. Ya nne bodaboda wamepata njia ya mkato.

Mama_wa_Wawili

Nongwa acha hizo, hayo turubai yanafungwa hata barabarani na hakuna aliyefunga barabara. 😂

Mleta uzi, swali la mzazi. Hizo siku za kazi, mpira ukimpata mtoto itakuwaje? Kale kampira ni kagumu jamani, kaka yangu alinipa nikakashika nikaona hili ni jiwe limepakwa rangi.

Baharia_wa_Fife

Dada, hofu yako ni ya haki. Mpira wa gofu uzito wake wa juu kabisa ni gramu 45.93, lakini ukitoka kwenye fimbo ya mpigaji mzuri unazidi kilomita 200 kwa saa. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na hilo. Ndiyo maana mimi siku za kazi napita Grannie Clark's Wynd tu, tena nikishaangalia pande zote mbili, kwa sababu mashimo ya 1 na 18 yako ubavu kwa ubavu na wanapiga kutoka kulia na kushoto kwako. Ndani kabisa naingia Jumapili.

Kedi_Mstaafu

Nimesoma nikatabasamu. Nimekuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo za wachezaji, miaka mingi, kuanzia nikiwa kijana nisiye na kazi mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo niwape wanaotembea ujanja ambao hauko kwenye kibao chochote.

Kwanza, tembea kinyume na mchezo. Watu wanapenda kufuata mkondo wa mashimo, 1, 2, 3, maana ndiyo njia inavyokwenda. Ukifanya hivyo mpira unakujia kisogoni. Geuza, anza mwisho urudi nyuma, utawaona wanaokulenga nao watakuona.

Pili, wachezaji wengi wa wikiendi wanatumia mkono wa kulia, na mpira wao ukiharibika unakata kona kwenda kulia. Ukisimama pale wanapoanzia ukatazama bendera, upande wa kulia ndiko mipira inakokwenda kulala. Makedi wote wanajua, ndiko tunakoshinda tukipekua majani. Kama kuna njia pande zote mbili, chukua iliyo kushoto kwa mpigaji.

Tatu, ukisikia mtu anapiga ukelele "Fore!" (onyo kwamba mpira unakuja) usigeuke kutazama unatoka wapi. Hapo ndipo watu wanapopigwa usoni. Inama, funika kichwa kwa mikono, jifiche nyuma ya mti kama upo. Udadisi baadaye.

Nne, mchezaji akishasimama na kuinama juu ya mpira, wewe simama tuli. Hata kama yuko mbali. Nimeona mabwana wakubwa wenye vyeo wakikosa mpira kwa sababu mtu kapita na kanga nyekundu, halafu lawama zote zinamshukia kedi.

Na la mwisho si la usalama: msiokote mipira mkadhani imetelekezwa. Kuna mtu anakuja nyuma ya kilima akiutafuta huo, na kedi wake ndiye atakayeonekana mwizi.

Nongwa_za_Kijiwe

Mzee Kedi shikamoo. Hii ya kulia na kushoto inaingia akilini.

Kedi_Mstaafu

Marahaba kijana. Hata wewe ukicheza utakata kulia, tutakukuta huko huko.

Wakili_wa_Jioni

Naweka upande wa sheria kidogo, halafu narudi kwenye mafaili.

Kesi ya zamani inayofundishwa vyuoni ni ya Uingereza, 1922. Dereva wa teksi alikuwa kwenye barabara ya umma jirani na uwanja wa gofu, mpira ukatoka kwenye shimo la 13, ukavunja kioo na akapoteza jicho. Mahakama ikasema eneo lile la kupigia, kwa jinsi lilivyowekwa karibu na barabara na mipira ilivyozoea kuangukia pale, ni kero kwa umma. Klabu ililipa.

Ya karibuni zaidi ni ya huko huko Scotland kwa mleta uzi. Mchezaji mmoja alikuwa akitembea kwenye kinjia kati ya shimo na shimo, mpira wa mchezaji mwingine ukampata jichoni. Rufaa ilipoamuliwa 2013, klabu ilibebeshwa asilimia 80 ya dhima na aliyepiga asilimia 20. Kosa kubwa la klabu? Hawakuweka vibao vya tahadhari.

Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Dhima ya Wenye Maeneo, Sura ya 34, inayomtaka anayeshikilia eneo achukue tahadhari ya kadiri kwa wageni wanaoingia kihalali. Sasa kamati nyingi zikisikia hivyo zinakimbilia kupiga marufuku, zikidhani marufuku ni kinga. Fikiria hivi: umejenga nyumba mia kuzunguka uwanja, umewauzia watu, unajua kila jioni wanakatiza kwenda dukani, na wewe umebandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa klabu ambako asiyecheza haingii. Siku jicho limetoka, hakimu atakuuliza ulijua nini na ulifanya nini. Kwa maoni yangu njia iliyochorwa, yenye kibao na saa, inamlinda mwenye uwanja kuliko katazo lisilotekelezwa.

Huu si ushauri wa kisheria. Wenye kesi watafute wakili wao.

Fundi_Majani

Wengi mnazungumzia mipira, mimi nizungumzie majani maana ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Niko Kenya, natunza uwanja, sitautaja.

Sisi hatuchukii watembeaji. Kwenye sehemu ndefu ya katikati, ambako kwetu huwa ni kikuyu grass, tembeeni mpaka mchoke. Lile jani ni sugu, ng'ombe wamelikanyaga karne nzima. Balaa liko kwenye grini. Pale jani linakatwa kwa milimita tatu, nne hivi. Kisigino cha kiatu cha kanisani kinaacha tundu, na mpira ukipita pale unaruka. Mbwa akichimba mara moja, ninyi mnaona kashimo, mimi naona wiki kadhaa za kupandikiza kiraka, kumwagilia na kuomba Mungu mwenyekiti asipite.

Jambo la pili ambalo watembeaji hawalifikirii ni dawa. Kuna siku tunapiga dawa ya ukungu na ya wadudu. Tunafanya alfajiri mapema, na mtembeaji naye anapenda alfajiri. Yeye haoni kitu, anaona majani yamelowa kama umande, mtoto anavua viatu. Kwa hiyo kwangu mimi sharti la kwanza la kugawana uwanja ni bendera nyekundu kwenye lango la wakazi siku ya dawa. Kitambaa cha shilingi mia mbili. Tulianza na ubishi, sasa wakazi wenyewe wananipigia simu kuuliza kama bendera iko juu.

Mleta uzi, huko kwenu baridi mnafanyaje? Nasikia nyayo kwenye barafu zinaua jani.

Baharia_wa_Fife

Kweli fundi. Asubuhi yenye barafu nyepesi, ukikanyaga jani linavunjika ndani, baada ya siku mbili zinatokea nyayo nyeusi zilizopangana vizuri kabisa, unaweza hata kukisia namba ya kiatu. Huwa wanafunga uwanja mpaka jua lipashe.

Na hata pasipo barafu, miguu inachosha ardhi. Pale kwenye shimo la 18 kuna kadaraja ka mawe, Swilcan Bridge, padogo tu, kila mtu anataka picha juu yake. Jumapili kuna foleni. Nyasi za kuingilia na kutokea darajani zikawa zinakufa kila mara. Februari 2023 wasimamizi wakaamua kutandika mawe kuzunguka pale. Picha ikasambaa mtandaoni na kelele zilizopigwa si za nchi hii. Watu wakasema limekuwa kama baraza la nyuma ya nyumba. Ndani ya siku chache mawe yaling'olewa, zikarudishwa nyasi. Mimi niliwaonea huruma mafundi. Tatizo lao lilikuwa la kweli, wala hakuna mpiga kelele aliyekuja na suluhisho.

Jirani_wa_Shimo_la_Saba

Mimi ndiye yule jamaa wa uzi wa kwanza, kwa hiyo nashukuru mmenifanyia kazi. Estate yetu iko kaskazini ya Nairobi, jina naliacha.

Mfano wa Scotland nimeupenda, ila ndugu yangu kuna kitu kimoja hujakisema: jua. Kwenu mwezi wa sita giza linaingia saa nne usiku. Mchezaji anamaliza raundi, anakula, analala, na mtembeaji bado ana saa mbili za mwanga. Kwetu ikweta hapa jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na saa moja ni giza la kumtafuta mtu kwa tochi. Mwanga mzuri wa jioni ni wa dakika tisini tu, na kila mtu anautaka: anayetoka ofisini kupiga mashimo tisa, anayetembeza mbwa, mama anayesukuma mtoto ili alale. Asubuhi ni hivyo hivyo. Saa kumi na mbili na nusu mchezaji wa kwanza yuko pale, na wewe ndiyo unafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo kugawana kwa saa ndani ya siku, kwetu, ni kugawana chapati moja watu sita. Kilichobaki ni kugawana siku, au kugawana mapito.

Siku ipo. Uwanja wetu Jumatatu unafungwa kwa matengenezo, kama viwanja vingi huku. Tuliomba Jumatatu kuanzia saa kumi jioni, mashine zikishaondoka. Jibu la kamati: tutalijadili. Hilo jibu limezeeka sasa.

Mapito nayo yapo. Ile njia ya vigari vya gofu inazunguka uwanja wote na asilimia kubwa iko pembeni. Ubishi ni sehemu ndogo inayopita mbele ya pale wanapoanzia shimo la saba, jirani na kwangu. Hapo kweli ni hatari, hata mimi sibishi, dirisha langu limeshaonja. Tumependekeza wapande kei apple (mti wa miiba wa uzio) pale kwa kilomita hata robo haifiki, njia ipite nyuma yake. Waliotupinga kwa nguvu si wachezaji wa siku zote. Wachezaji wa kila siku tunasalimiana, wengine ni wakazi wenzetu. Wanaopinga ni wale wanaocheza mara mbili kwa mwaka, wanataka uwanja uonekane wa gharama.

Mama_wa_Wawili

Jirani, hao wa mara mbili kwa mwaka nawajua, wako hata kwenye kamati za harusi.

Mzee_wa_Southfields

Salamu kutoka London. Niko karibu na Wimbledon Common, na hapa wana mtindo wao. Kwenye hilo eneo la wazi la misitu na nyasi kuna uwanja wa gofu, lakini ardhi ni ya wananchi kwa sheria ya 1871, watu wanatembea siku zote, mchezo ukiendelea. Sharti linamwangukia mchezaji: ni lazima avae nguo nyekundu juu. Shati, sweta, koti, chochote, mradi nyekundu. Unawaona kwa mbali kati ya miti, unajua pale kuna fimbo. Kule Chingford, upande wa msitu wa Epping, ni vivyo hivyo.

Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni mashabiki wa Simba wamepotea njia.

Ukiwaza vizuri, hii ni akili kubwa. Mwenye silaha ndiye anayeonekana. Estate nyingi zinafanya kinyume, zinamvisha mtembeaji fulana ya kung'aa kana kwamba yeye ndiye anayerusha mawe.

Nongwa_za_Kijiwe

Mkuu Southfields, Yanga hatuvai nyekundu hata tukilipwa. Sisi tutatembea tu.

Nyuma_ya_Mto_Nile

Poleni na habari za sungura na mbwa. Jinja, Uganda, uwanja wa gofu uko jirani na maji na viboko hutoka usiku kula majani. Kuna kanuni ya mtaa inayojulikana: mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kwa hiyo mtembeaji wa Jinja haulizi kamati, anauliza kiboko. Kimsingi hakuna kutembea pale giza likianza, na hilo halikuhitaji kibao.

Mtoto_wa_Keko

Mimi nitawaharibia. Nimesoma uzi mzima nikajiuliza kwa nini mtembeaji awe mwombaji. Hekari mia na zaidi, mchana mzima unaona watu kumi na wawili na makedi wao, nje ya ukuta watu elfu wanakimbia pembezoni mwa lami wakivuta moshi wa daladala. Dar watu wanajazana Coco na Daraja la Tanzanite alfajiri kwa sababu nafasi ya kutembea salama haipo mtaani. Halafu tunaambiwa tujifunze kutokanyaga grini. Tuanze na swali la nani aliigawa ardhi, na lini.

Baharia_wa_Fife

Mtoto wa Keko, sikupingi. Na ndiyo maana nimeanza na 1552, sikuanza na vibao. St Andrews hawakupewa Jumapili kama zawadi. Walikuwa na hati, ikanyang'anywa na madeni ya mji, wakaipigania mahakamani na hatimaye kuipata kwa Bunge. Ukiwa na haki iliyoandikwa, habari ya grini inakuwa adabu tu kati ya watu walio sawa.

Ila nitofautishe vitu viwili. Uwanja uliojengwa juu ya ardhi ya umma, hoja yako inasimama yote. Estate ya binafsi kama ya Jirani, ardhi ilinunuliwa, na silaha ya mkazi ni mkataba wake wa nyumba. Kwenye mkataba eneo la wazi limeitwaje? Ni la matumizi ya pamoja, au ni mali ya klabu inayojitegemea? Ada ya kila mwezi unayolipa inagharamia majani au haigharamii? Ukikuta unalipia mashine ya Fundi Majani, una mahali pa kushika.

Tena hata Scotland, ambako sheria ya 2003 inampa kila mtu haki ya kuingia karibu ardhi yote kwa adabu, viwanja vya gofu viliwekewa mpaka: unaruhusiwa kukatiza uvuke, wala si kujimwaga pale kwa mapumziko, na grini usiguse. Yaani Jumapili ya Old Course si ya Scotland nzima. Ni ya mji ule kwa historia yake. Nenda kwenye uwanja wa klabu binafsi kilomita chache kutoka hapo utembee Jumapili kama kwako, uone watakavyokutazama.

Wakili_wa_Jioni

Hapo kwenye mkataba wa nyumba umegonga msumari. Jirani, tafuta kiambatisho cha ramani, siyo maneno ya mwanzo peke yake. Mara nyingi njia za miguu zilichorwa kwenye ramani iliyopitishwa na kaunti, zikaja kusahaulika wakati wa ujenzi.

Jirani_wa_Shimo_la_Saba

Wakili, ramani ninayo. Nimeifungua sasa hivi mezani. Kuna mstari wa nukta nukta unaotoka nyuma ya nyumba zetu, unapita kushoto kwa shimo la saba, unakwenda mpaka bwawani. Kwenye ufunguo umeandikwa njia ya waenda kwa miguu. Ni upande ule ule tuliotaka kupanda kei apple.

Wakili_wa_Jioni

Piga picha, weka pamoja na maombi yenu ya Jumatatu, peleka kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa. Usipeleke kwenye grupu la WhatsApp.

Kedi_Mstaafu

Kushoto. Aliyechora alikuwa anajua gofu.

Mama_wa_Wawili

Baharia, mdogo wangu anakuja Edinburgh kusoma. Nikimtembelea nataka nitembee hiyo Jumapili na wanangu. Nafikaje?

Baharia_wa_Fife

Karibu sana dada. St Andrews haina kituo cha treni, kilifungwa 1969. Panda treni Edinburgh ushuke Leuchars, halafu basi la dakika kumi na kitu hadi mjini. Kutoka stendi ya mabasi ni mwendo mfupi kwa miguu kwenda uwanjani. Epuka mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba kabla hujauliza, kuna mashindano ya Dunhill na Jumapili yake uwanja unatumika. Mwaka 2027 mashindano ya The Open yanarudi pale, Julai hiyo msije kabisa, hata chumba hamtapata.

Uwanja unakwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa mto Eden halafu unarudi, kwa hiyo watoto wakichoka katikati hakuna njia ya mkato, ni kubeba. Leteni koti la upepo hata kama ni Julai. Na wakitaka mchanga, ufukwe wa West Sands uko pale pale pembeni; kwenye yale mashimo ya mchanga ya ndani waambie mapema kwamba bibi mwenye mkongojo anazunguka.